Mafunzo ya Siku za Giza

Jumapili, Ujiji

Nimekereka, na aliyenikera ni mimi mwenyewe.

Leo tumepima mpango wa mwaka wa klabu yetu ya vijana. Mafunzo matatu kati ya manne yalikosa watu. Nikasema ni uvivu, nikasoma majina ya wanachama sita wa kufutwa.

Mariamu, katibu wetu, akaniangalia. "Kaka mwenyekiti, hayo matatu si uliyapanga siku za giza?"

Kweli. Mwezi usipoonekana, wenzetu usiku wako ziwani na taa wakivua dagaa, mchana wamelala. Mimi nilifuata kalenda ya ukutani.

Na barua za kuwafuta nilishazipeleka makwao jana. Ya mdogo wangu Hamisi, ambaye hajarudi kutoka ziwani, bado ipo juu ya mto wake wa kulalia, haijafunguliwa. Tunalala chumba kimoja.