Tarumbeta Jeusi

Jumatatu, 13 Aprili
Mazoezi Ilala, kama kila Jumatatu. Midomo inauma. Leo Side, kiongozi wa bendi yetu ya matarumbeta, kanipokonya tarumbeta mbele ya wote. Kampa binamu yake aliyehamia mjini juzijuzi. Mimi nipige ngoma. Eti tarumbeta linataka pumzi za kiume. Harusi zote nilizoongoza, nilipuliza kwa pumzi zipi? Jumamosi anaolewa Neema, jirani yangu. Nilimwahidi kumtoa nyumbani kwao kwa tarumbeta. Nimemwambia Side nitakuja na langu. Kacheka. Nina hasira hadi sasa.

Jumanne, 14 Aprili
Nimetoka kazini, nikapitia Kariakoo kwa Mzee Mushi. Anauza vyombo vya muziki vya mtumba vinavyoshushwa bandarini. Matarumbeta anayo mawili. Moja linang'aa kama bangili ya bibi harusi. Jingine jeusi kama sufuria ya mkaa, analiuza bei ya kutupa. Nikashika linalong'aa. Akaapa ni orijino kila kitu. Nikaomba kulifungua.

"Unafungua nini, mwanangu? Hiyo siyo redio."

Nikafungua. Pistoni, zile tatu za kubonyeza, zimechongwa namba. Zikiwa za asili, namba zao ni ileile ya kwenye mwili wa tarumbeta. Ya kwanza sawa. Ya tatu sawa. Ya kati, namba nyingine kabisa. Nikavuta mrija wake, nikabonyeza. Lingekuwa zima lingelia kama chupa inayozibuliwa. Kimya. Linavuja. Nikamwonyesha. Akalichukua mikononi mwangu, akasema kama sinunui nisimchezee mali.

Jumatano, 15 Aprili
Mvua. Barabara ya Jangwani imefurika, haipitiki. Mama anataka nikamwombe Side radhi. Siombi. Nimekosa nini?

Alhamisi, 16 Aprili
Nimerudi Kariakoo. Mzee Mushi kaitikia shikamoo yangu bila kuniangalia. Nikaomba jeusi. Pistoni yake ya kati ina namba ya lile linalong'aa. Aliyeyasafisha alizichanganya. Nikairudisha kila moja kwake, hapohapo juu ya kaunta. Nikavuta mrija wa jeusi, nikabonyeza. Pwo. Mzee akageuka.

Linalong'aa bado sikulitaka. Shingoni, chini ya rangi mpya, kuna lehemu ya juzi tu. Domo lake la kupulizia limetoka kwenye tarumbeta jingine. Jeusi lina mabonde, lakini kila kilichomo ni chake. Nikasema nachukua hili. Papo hapo akapandisha bei.

"Bei ya juzi, mzee. Nisingekuonyesha, ungejua?"

"Ndiyo biashara, mwanangu."

"Basi nazirudisha pistoni zilivyokuwa. Tuone utamuuzia nani."

Akajifanya anafuta kaunta. Sikuondoka. Wateja wakaingia, wakatoka. Mwishowe akalifunga kwenye gazeti. Bei ya juzi.

Jumamosi, 18 Aprili
Nyumbani kwa kina Neema. Bendi imejipanga uani. Nikasimama nao. Side akanifuata hadi usoni.

"Toka kwenye mstari."

Nikatoka. Nikaenda kusimama mlangoni kwa bibi harusi, mbele yao wote, nikapuliza. Sauti nzito, imenyooka. Neema akatoka, analia huku anacheka. Mpiga ngoma akanifuata. Kisha wengine. Mwisho hata binamu. Side alibaki na mikono mfukoni. Sikumhurumia.

Jumapili, 19 Aprili
Nimelala hadi saa tano. Side katuma ujumbe, anauliza kama nitakuja mazoezini. Sijajibu. Nitaenda, lakini ngoma sipigi.

Nimeliosha tarumbeta kwa maji ya uvuguvugu, nikaanika vipande juu ya kanga. Mama kaja kukaa. Akawa anagusa kimoja kimoja, anauliza kinaitwaje. Nilivyovijua nikamtajia. Nisivyovijua tumevipa majina wenyewe.