Kwa Binti Yangu, Ambaye Torino Wanamwita Svezia

Binti yangu Wakesho,

Umeniomba nisifanye kitu kimoja, na ndicho ninachokifanya sasa. Uliponipigia simu Jumapili na kunieleza kwamba ile ofisi yako ya zamani ya uhasibu ya Upplands Väsby inakutaka tena, na kwamba wanangoja jibu lako kabla wiki haijaisha, uliniuliza, "Mama, nirudi Stockholm au nikae Torino?" Kisha, kabla sijavuta pumzi, ukaongeza, "Na tafadhali usiniandikie makala. Niambie tu."

Nilisema nitafikiri. Nimefikiri, na ninakujibu hadharani, hapa gazetini, kwa sababu watu wa hapa Tumba, kwetu pembezoni mwa Stockholm, wamekwisha kukujibia bila kuulizwa, nami sina desturi ya kuwaachia uwanja watu wa namna hiyo.

Wa kwanza ni Papa Fataki, jirani yetu aliyetoka Bukavu, Kongo, yuleyule aliyekufundisha kuendesha baiskeli. Baada ya ibada alisimama na kikombe chake cha kahawa akaniambia mbele ya wote, "Mama Wakesho, ule mutoto anapoteza wakati kule. Amesoma hesabu, leo anakanda mikate ya Waitalia? Umwambie arudi, voilà." Watu wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Nikamuuliza yeye mwenyewe alivuka mipaka mingapi mpaka akafika Tumba. Akasema ile ilikuwa vita. Nikamwambia kwamba mimi sikufukuzwa na vita, nilimfuata mwanamume aliyekuja kusoma, na hakuna aliyesimama na kikombe kuniambia nirudi Voi. Baba yako, ambaye ndiye mwanamume mwenyewe, akaenda kujiongezea kahawa.

Hilo ndilo linaloniudhi kwetu sisi wahamiaji, na nitalisema hata wakinuna. Tumekuja kutoka mbali, wengine kwa miguu, na tunajisifu kwa safari hiyo kila harusi na kila msiba. Lakini mtoto wetu akivuka mpaka mmoja kwa ndege ya asubuhi, kwa hiari yake, tunasema amepotea. Tunataka watoto wakae pale tulipochoka sisi. Eti kwa sababu sisi tulifika, basi wao wamekwisha kufika.

Je, ulikuwa umefika? Unakumbuka treni yetu ya kutoka mjini kwenda Tumba. Ulikuwa darasa la sita. Mama yako mdogo alinipigia kutoka Voi, na simu za Voi mimi huzipokea kama zinavyostahili kupokelewa, kwa habari za kila mtu na vicheko mahali pake. Behewa zima lilikuwa kimya kama maktaba. Mwanamke mmoja akakunja gazeti lake. Ukainama ukaninong'oneza, "Mamma, inte så högt," isiwe kwa sauti kubwa hivyo. Nilikujibu kwa Kiswahili kwamba nimelipa nauli na sauti yangu imo ndani ya tiketi. Ukahama ukakaa mbele, peke yako, ukitazama dirishani kana kwamba hatujuani.

Sikukukasirikia siku ile. Ila nilianza kukuangalia. Niliona jinsi ulivyokuwa ukiingia dukani umejikunyata, mdogo kuliko ulivyo. Niliona ulivyomshukuru mwalimu aliyekuita kwa jina la msichana mwingine Mwafrika, mwaka mzima, bila kumsahihisha. Nilikwenda shuleni nikamsahihisha mimi, na hukunisemesha hadi wikendi. Nyumbani nilikuuliza mambo kwa Kiswahili, ukanijibu kwa Kiswidi, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha jirani.

Kisha ukaenda Torino. Ulisema ni miezi michache, uachane kidogo na tarakimu, ujifunze kuoka. Ukaanza kunitumia ujumbe wa sauti, na cha ajabu ulikuwa wa Kiswahili, kwa sababu, ulisema, ndiyo lugha pekee ambayo hakuna mtu jikoni anayeielewa. Nimeuhifadhi wote. Ndivyo nilivyojua maisha yako: chumba cha ghorofa ya nne na wenzako wawili, kamba ya nguo inayovuka ua mpaka kwa jirani, kahawa inayonywewa wima kaunta na kumalizwa kabla hujaondoa begi begani, maduka yanayofungwa mchana wakati wewe ndiyo kwanza unatoka kazini.

Na vikombe. Wiki yako ya kwanza katika mkahawa wa Signora Ornella ulikunywa kahawa, ukaosha kikombe chako, ukaosha na vya wenzako vilivyokuwa kwenye sinki. Ndivyo ulivyolelewa na shule na ofisi za Uswidi, ambako kila mtu huosha alichotumia, na asiyeosha hubandikiwa karatasi ukutani. Modou, Msenegali anayeosha vyombo pale, akaacha kukusalimu. Ulidhani hapendi wanawake wenye nywele fupi. Mwishowe mwenzenu akakueleza kwamba Modou aliona umegusa sinki lake mbele ya Signora, mwenye mkahawa, akaelewa jambo moja kati ya mawili: ama unasema haoshi vizuri, ama unaitaka kazi yake. Ukaenda kumwomba radhi. Akakuangalia, akasema, "Svezia, wewe kanda unga. Sinki ni langu."

Svezia. Hivyo ndivyo Waitalia wanavyoiita Uswidi, na hivyo ndivyo jiko zima linavyokuita. Nilipolisikia jina hilo nilicheka, kisha nikapandwa na hasira. Ulizaliwa hapa Stockholm. Umeimba nyimbo zao za Lucia, ile sikukuu yao ya Desemba, ukiwa na taji la mishumaa kichwani, na bado kila mwaka kuna mtu anakuuliza unatoka wapi hasa. Ikabidi uende Italia, kwa kina Modou na Ornella, ndipo mtu akuite Uswidi bila swali la pili.

Sitaipamba Italia, usije ukasema nimeipenda kwa ziara moja. Huko nako wapo wanaokuuliza unatoka wapi. Nilimsikia yule mzee kwenye tramu. Ukamjibu, "Stockholm." Akasema haiwezekani. Ukamwambia basi apande ndege akahakikishe, na tramu yote ikacheka, yeye pia. Mimi nilikaa pale nikiwa sijui nifiche wapi uso wangu, mimi ambaye Tumba nzima inaniita Mama Makala.

Maana nilipokuja Aprili, Wakesho, nilikuja kukuchukua. Hoja zangu nilikuwa nimezipanga kama ninavyozipanga za gazetini, ile nzito zaidi ikiwa mwisho: kwamba umri haungoji, na kwamba baba yako anasikiliza hatua zako ngazini hata ukiwa hupo. Siku ya kwanza sikuipata nafasi. Ulinipeleka kula kwa mwenzako, tukafika saa ileile tuliyoambiwa kama Waswidi wawili, tukamkuta mwenyeji ana taulo kichwani na sufuria haijabandikwa. Siku ya pili, Ijumaa, ukaniketisha kwenye kona ya mkahawa na kuniletea andazi lenye kibao kidogo mbele yake: Svezia. Ulikuwa umenisimulia kwamba Signora Ornella alikataa iliki mwezi mzima, eti inanuka duka la dawa. Nikaliuma. Lilikuwa limesokotwa kama maandazi ya iliki ya Kiswidi, tena limeokwa, lakini mimi ninaujua unga uliokandwa kwa tui. Yalikuwa mahamri yangu ya Jumamosi. Watu wa Torino wanakula Voi na wanaiita Uswidi, na hakuna ofisi ya uhasibu duniani inayoweza kukokotoa hilo.

Nilikuwa bado natafuna ugomvi ulipoanza. Mke wa Modou alikuwa anawasili kesho yake kutoka Dakar, baada ya kungojana miaka, na Signora alikuwa amemruhusu aende uwanja wa ndege. Asubuhi hiyo ikaja oda kubwa ya ubatizo, na Signora akafuta ruhusa. Modou akanyamaza, akageukia sinki. Wewe hukunyamaza. Ulitoka nyuma ya kaunta na unga mpaka kwenye viwiko, ukasema, na mikono yako ikasema pamoja nawe. Kiitaliano sikijui, maneno ulinitafsiria baadaye, lakini mpangilio wa hoja niliujua: kwanza ahadi, kisha aibu, kisha swali ambalo mpinzani hana jibu lake. Signora akapaza sauti yake, wewe ukapaza yako juu ya ile. Wateja waliendelea kula.

Nikaogopa. Nilijiona natoka na wewe mlangoni ukiwa huna kazi. Nikasema, na baba yako alicheka hadi machozi nilipomsimulia, "Wakesho, punguza sauti."

Uligeuka. Hukukasirika hata kidogo. Ukaniambia, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Mama, hapa ukinyamaza wanadhani umekubali."

Kisha ukamalizia. Ulimwambia Signora kwamba kesho vyombo utaviosha wewe. Signora akatupa kitambaa mezani, akasema neno ambalo ulikataa kunitafsiria, akakukatia kipande cha pai. Vita vimekwisha, hivyo tu. Hapa Uswidi jambo kama hilo lingeitishiwa mkutano, likaandikiwa muhtasari, na watu wangetabasamiana kwa ubaridi hadi Krismasi. Lakini si pai iliyonibadilisha. Ni Modou. Alikausha mikono yake, akavua aproni yake ya plastiki, akaja akakuvalisha mwenyewe na kuifunga kamba mgongoni, kama mtu anayekabidhi nyumba. Sinki alilokunyima kwa sababu ya vikombe alikupa mbele yangu.

Hoja zangu nilirudi nazo Stockholm zote. Ile nzito ya mwisho sikuifungua.

Kwa hiyo Papa Fataki aseme anachotaka. Nimesoma vitabu vingi kuhusu nyumbani ni wapi, na vingi vimeandikwa na watu waliokuwa na hamu ya kulia. Mimi nasema hivi, na nitamjibu yeyote atakayebisha: mtu yuko kwake pale anapoweza kugombana asubuhi na kurudi kazini kesho. Miaka yote hiyo hapa Stockholm hukugombana na mtu hata mara moja ila mimi. Ofisi ya Upplands Väsby inakutaka kwa sababu ulikuwa mfanyakazi mtulivu. Sisemi ni watu wabaya. Nasema wanamtaka msichana aliyehama kiti kwenye treni, na msichana huyo simjui tena aliko.

Usidhani ninasema hivi kwa wepesi. Jumamosi bado nakanda unga wa watu watatu, mkono haujakubali. Baba yako hula mahamri yako na kusema amefanya hivyo ili yasiharibike. Tutakuzoea ukiwa mbali kama mama yangu alivyonizoea mimi, kwa shida, na bila kuniomba nirudi. Hilo ndilo nililorithi kwake, na ndilo ninalokupa.

Kaa, Wakesho. Waandikie Väsby barua fupi yenye adabu, kisha urudi kwenye unga wako. Mimi nimo ndani ya treni ya Tumba ninapoandika haya, na behewa ni kimya kama siku zote. Nikifika nyumbani utaniuliza kwa nini sikukupigia tu. Basi nakupigia sasa hivi, hapahapa, wageuke wanaotaka kugeuka. Pokea, na ukinijibu usinong'one.

Mama yako, ambaye sauti yake imo ndani ya tiketi