Maduhu, Uliyeiba Ng'ombe Mbele ya Mnada Mzima

Mwaka umekatika, Maduhu, tangu ile Jumanne ya wakati wa palizi, maradhi ya figo yalipokuondoa kwetu ukiwa na miaka thelathini na minane. Kaburi lako hapa Migato liliota nyasi. Tumezing'oa.

Tunakukumbuka ukiongea peke yako nyuma ya ng'ombe, na mama akiwatuliza majirani: "Hajarogwa. Anakariri."

Ulimsalimia kila mtu kwanza, hata mtoto. Vijana wa kikundi chako cha maigizo pale Bariadi uliwaambia, "Sikiliza kwanza. Mwigizaji asiyesikiliza ni redio." Ukawakataza kuiga sauti za watu wa runinga. "Semeni kama mnavyosema mkiwa na njaa!"

Baba hakuipenda njia yako. Kwake, mwanamume ni jembe na ng'ombe. Maigizo ni mchezo wa watoto. Mwaka ule pamba ilipokubali, alikuja mnadani Mwandoya kuuza dume, akikusudia kuondoka nawe, urudi shambani moja kwa moja.

Siku hiyo kikundi chako kiliigiza pale mnadani, nawe ulicheza mwizi wa ng'ombe. Ulimfungua ng'ombe wa kweli mliyemwazima, ukamnong'oneza maneno matamu ya Kisukuma, ukamswaga taratibu katikati ya watu. Uliiba vizuri mno. Bibi mmoja, ndiyo kwanza anafika, akapiga mwano, ule ukunga ambao kwetu mtu akiusikia haulizi, anachukua fimbo. Wanaume wakaja mbio na marungu. Wenzako wakatawanyika. Wewe ulisimama, kamba mkononi.

Baba akawapenya, akakukinga kwa mgongo wake.

"Mwacheni! Huyu ni ng'wana Ngassa, mwanangu wa kumzaa."

"Basi umezaa mwizi, mzee!"

"Si mwizi. Ni mwigizaji. Hiyo ndiyo kazi yake, na mmeona wenyewe anavyoiweza."

Bibi akakusogelea, akakuchungulia usoni. "Haya, mjukuu wangu. Siku nyingine uibe vibaya kidogo."

Mnada mzima ukaangua kicheko. Baba akaketi chini pale pale vumbini. "Endeleeni," akasema. "Nataka kuona kama atakamatwa."

Hakukurudisha shambani. Ulicheza miaka kumi na mmoja mingine, kwenye viwanja vya shule, kwenye magulio, mpaka Nyashimo. Watu walikuuliza kwa nini huhamii Dar es Salaam, sinema ziliko. Ukajibu, "Na hawa wa huku, nani atawaonyesha sura zao?" Hukuwa maarufu nchini. Lakini hakuna kijiji ulikocheza ambako jina lako halitajwi.

Jumamosi hii, baada ya misa, kikundi chako kitaucheza mchezo ule hapa nyumbani. Mkeo Joyness ndiye mwizi. Amekataa mtu mwingine aiguse nafasi yako. Baba ametoa dume wake mwenyewe ili aibwe, na amekwisha kuwaonya wanakijiji wote waache marungu majumbani.

Unakumbukwa na baba yako, Mzee Ngassa, mama yako, Apolonia, mkeo, Joyness, wanao, Paschal na Precious, dada zako, Nyanjige na Elizabeth, na kikundi chako chote.

Maadamu tuna pumzi, ndugu yetu, tutakutaja.