Sahani Mlangoni kwa Mahrokh

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kiumars Alvandi. Umri: miaka 52. Kazi: mchoma kababu, mgahawa wa familia. Makazi: nyuma ya soko la ngozi, Hamadan.

Mgahawa ulianzishwa na babu yangu. Tangu enzi zake, miaka themanini sasa, mjamzito yeyote anayefikiwa na harufu ya moshi wa jiko letu hupelekewa chakula kabla ya mteja wa kwanza. Msimamizi wa jambo hilo ni mama yangu, Bibi Turan, na hana mzaha. Jirani yetu Mahrokh alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe, Yadollah, dereva wa lori, aliniambia: "Kaka, mimi ni mtu wa barabarani. Mtupie jicho."

Mnamo tarehe 18 mwezi wa Dey 1396, kwa kalenda yetu ya Kiirani, saa 6:35 mchana, theluji ikianguka, nilimpelekea kababu, wali na nyanya ya kuchoma. Kwa kawaida hukataa mara tatu, "Jamani kaka, usijisumbue," nami hushikilia mara tatu, ndipo afungue. Ndivyo tunavyoishi. Siku hiyo nilibisha, kimya. Kisha kitu kikagonga sakafu ndani, mara mbili. Nilidhani anatafuta ushungi. Niligeuza uso ukutani nikasubiri. Mwisho nikaita, "Dada, nakuwekea hapa!" Niliacha sahani kizingitini nikaenda zangu. Mwanamke yuko peke yake, mumewe safarini, ningeingiaje?

Saa 8:10 Mama aliuliza sahani iko wapi. Nilirudi nikaikuta vilevile, mafuta yameganda. Nilimwita Mama aje aingie yeye. Magoti yanamsumbua, alifika katikati ya uchochoro akanipigia kelele: "Sukuma mlango, mpumbavu! Mtu anakufa, wewe unaona haya?"

Nilisukuma. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo.

Mahrokh alikuwa amelala sakafuni nyuma ya mlango, mkono ameunyoosha kuuelekea. Bomba la kutolea moshi la hita ya gesi lilikuwa limechomoka ukutani, sumu ya moshi imejaa chumbani. Nilimbeba. Afande, andika hivi: nilimbeba, na mbingu haikuanguka. Ningeweza kumbeba saa 6:35.

Hospitali wamesema mtoto amefia tumboni. Mahrokh hajazinduka, na daktari hakuniahidi kitu. Niliomba wachukue damu yangu, chochote changu. Nesi akaniambia nikae chini.

Saa 10:20 alasiri Yadollah alipiga simu akiwa njiani. Hajui lolote. "Kaka, Mahrokh hapokei. Kababu yako imemlaza, eh? Mikono yako isiumwe." Ndivyo tunavyoshukuru kwetu. Nilimjibu, "Si kitu, ndugu yangu." Nimezoea kujibu hivyo, afande. Ulimi ulinitangulia.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na niliyoshindwa kuyafanya. Sina la kuongeza.

Saini: K. Alvandi

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi, ametia saini mbele yangu. Baadaye alinisogezea simu yake mezani, akakataa kuishika tena. Imelia mara tatu, jina ni Yadollah. Ya nne nimepokea mimi.

Sajini B. Darvishi