Herufi ya Pili

Jumatatu. Mvua tangu alfajiri, yale manyunyu yasiyokatika wala kunyesha kweli. Kutoka hapa kwangu Ujiji ziwa silioni, ila najua limekuwa la kijivu, maana leo kila kitu ni cha kijivu, na mimi nimo.

Simu ya kazi tangu jana nimeipokea mara moja tu. Kuna mama anataka mapambo ya kipaimara cha mwanawe, na wale wa maulidi wamenitafuta mara mbili. Watasubiri. Nimekaa sebuleni, nimezungukwa na mabaki ya Jumamosi: maua ya karatasi yaliyobonyea, riboni zilizolowa, na vipande vyeupe vya povu vinavyonata kwenye kanga kila ninaponyanyuka. Sina nguvu ya kufagia.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, mimi napamba sherehe. Maua nayakunja mwenyewe kwa karatasi za krepu. Majina ya maharusi nayachonga kwa lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya friji. Naliomba kwenye maduka ya Mwanga, nalikata kwa waya niliopasha moto jikoni, halafu kila herufi naivisha maua madogo madogo mpaka povu lisionekane. Herufi moja inakula nusu siku. Mapazia na taa kila mpambaji anazo. Majina ndiyo yanayonitambulisha mimi.

Na majina ndiyo yaliyoniponza.

Niseme ukweli wangu. Mimi ni mtu wa Ujiji, na sisi watu wa Ujiji tunajisikia sana kwa Kiswahili chetu. Shuleni nilikuwa naitwa mbele kuandika ubaoni kwa sababu ya hati yangu. Hadi leo nikipita mahali pameandikwa "KALIBUNI WAGENI" roho inaniuma, natamani ningekuwa na chaki. Katika kazi hii nimeshasahihisha wateja wengi. Mmoja alinitumia ujumbe wa "Frola", nikachonga FLORA, akafurahi. Mwingine aliandika "Gradness", nikachonga GLADNESS, mama mtu akanikumbatia akasema nimewaokoa na aibu. Basi nikazoea. Nikajiona mimi ndiye ninayejua watu wanaitwaje kuliko wao wenyewe.

Mzee Filimoni alinipigia kama wiki tatu zilizopita. Ni Mha wa Mwandiga, ana shamba la michikichi, na alikuwa anamwoza binti yake kwa kijana wa Bangwe. Kule Bangwe kwa bwana harusi ni wavuvi wa dagaa, kwa hiyo siku ilipangwa iangukie mbalamwezi, wakati boti hazitoki na kila mtu yuko nchi kavu. Mzee alinisalimia kwa upole, akaniuliza habari za watoto, akauliza habari za mvua, ndipo akafika kwenye shida yake.

"Jina ra bibi harusi ni Erina," akasema.

"Elina," nikasema huku naandika, maana Waha wengi l huigeuza r.

"Eee. Erina."

"Sawa mzee, Elina. Na bwana harusi?"

"Yusto."

Tukakubaliana hivyo, kila mtu akiamini mwenzake amemsikia. Mzee akasema angenitumia kadi ya mwaliko ili nione maandishi. Nikamwambia asijisumbue, nimeshaelewa. Kadi ile ingekuwa mkononi mwangu leo, nisingekuwa naandika haya.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Wifi yangu Tatu alikuja kunisaidia kukunja maua, na tukiwa tunakunja nilimwigiza mzee yule. "Jina ra bibi harusi." Nikaikaza ile r mpaka Tatu akashika mbavu. Tulicheka sana siku hiyo. Nilikuwa nimeshika herufi ya pili mapajani, naivisha maua ya rangi ya maziwa, na nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nimeshamaliza ukumbi. Ukuta wa nyuma ya viti vya maharusi niliuvika kitambaa cha dhahabu, na juu yake ELINA NA YUSTO, herufi kubwa, nyeupe, zimenona. Mlangoni nilikuwa nimefunga upinde wa maua ya zambarau. Kwa kweli palipendeza. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguu inaniwaka, nimeridhika na nafsi yangu.

Wakaingia wanawake wa upande wa bibi harusi na masufuria yao. Aliyetangulia alikuwa mama mmoja mwembamba, kajifunga kitenge kipya, kichwani ana kapu la vyombo. Akaliangalia jukwaa. Akalitua kapu chini polepole. Akasogea mpaka karibu na ukuta, akasoma kwa sauti ndogo.

"Elina."

Aliitamka l safi kabisa, na mimi mpumbavu nikawaza, haya, leo nimempata Mha anayesema vizuri. Halafu akakaa. Hakutafuta kiti, alikaa pale pale sakafuni, kapiga magoti kwanza, kisha akaketi. Machozi yakawa yanamtoka bila sauti. Nami nilidhani amependa. Wateja wangu wengi hulia wakiona majina ya watoto wao. Nikatabasamu, nikatoa simu, nikaanza kumrekodi ili niweke kwenye ukurasa wangu.

Nina video hiyo mpaka sasa. Sekunde kumi na moja.

Mwanamke mmoja akamwinamia akamshika bega. "Mama Pacha, inuka. Inuka twende nje." Wengine wakawa wamesimama tu na masufuria yao, hakuna aliyeniangalia. Lile jina, Mama Pacha, ndilo lililonifanya nishushe simu. Sikuwa nimeelewa bado.

Yule aliyemshika bega alikuwa shangazi wa bibi harusi. Alirudi baada ya muda, akanivuta pembeni ya jukwaa. Hakunifokea, heri angenifokea. Akaniambia bibi harusi anaitwa Erina. Elina alikuwa pacha wake. Aliugua majuma mawili tu, mwaka jana, wakamzika kule kule Mwandiga, nyuma ya michikichi ya baba yake.

"Umemwandika marehemu," akasema. "Umemwozesha marehemu."

Nilitaka kusema mzee ndiye aliyenitajia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikashukuru Mungu hayakutoka, maana mzee alinitajia vizuri, mara mbili, na mimi mara mbili nilimrudishia jina la mtoto aliyekufa.

Ndoa ilikuwa kanisani saa saba, sherehe saa kumi. Povu jingine sikuwa nalo zaidi ya vipande vya pembeni. Nikaishusha ile L, nikakata mguu wake wa chini, nikabaki na mgongo. Kwenye mgongo huo nikaunganisha tumbo na mguu mwingine kwa gundi na pini ili iwe R. Nikajichoma mara nyingi. Maua ya rangi ya maziwa yalikuwa yameisha. Nikaenda mlangoni nikanyofoa ya zambarau kwenye upinde, nikaivisha herufi ile kwa hayo. Nilipoipandisha ukutani, jina zima lilikuwa jeupe isipokuwa herufi ya pili. Wanawake wa masufuria waliniangalia mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyeniuliza kama nahitaji msaada.

Saa kumi ukumbi ukajaa. Wageni hawakujua lolote. Watu wawili walinifuata kunisifia ubunifu wangu wa kuweka herufi moja ya rangi, wakaomba namba. Nikawapa. Sijui kwa nini niliwapa.

Mama Pacha hakuingia.

Kanisani alikwenda, niliambiwa. Ila alipofika mlangoni pa ukumbi alisema anakwenda kuangalia wali, akabaki nyuma kwenye majiko. Nilimwona kupitia dirisha la pembeni, amekaa kwenye kigogo na kitenge chake kipya, moshi unampiga usoni na yeye hasogei. Wali ulikuwa na watu watano wa kuuangalia.

Ikafika zamu ya keki. Mshereheshaji akamwita mama mzazi wa bibi harusi aje alishwe keki na binti yake. Akaita mara ya kwanza kwa madaha, muziki ukapigwa. Akaita tena. Mara ya tatu akafanya mzaha kwamba mama bado anajipodoa, na watu wakacheka. Erina alikuwa amesimama na kipande cha keki kwenye kijiti, mkono umenyooka, anaangalia mlango. Shangazi akainuka akaenda yeye. Erina akamlisha, na machozi yakamtiririka juu ya ile poda yote. Watu wakapiga vigelegele kwa sababu bibi harusi kulia ni kawaida.

Alikuwa hana pacha wa kumshika mkono siku hiyo. Mama alikuwa naye, na huyo pia mimi nikamwondolea.

Baadaye wakati wa kupiga picha aligeuka akaitazama ile herufi ya zambarau kwa muda. Kisha akanitafuta kwa macho mpaka akaniona nilipojibanza nyuma ya spika. Nilitegemea hasira. Aliniinamishia kichwa kidogo tu, kama mtu anayemwitikia jirani njiani, akarudi kwenye picha. Nimejaribu kuielewa ishara ile tangu juzi na sijaielewa.

Jana nilishinda nimelala. Tatu alikuja, nikamwambia naumwa kichwa. Sikumweleza kwa sababu angeanza kulaumu kadi, mtandao wa simu, mzee mwenyewe, kila kitu isipokuwa sisi wawili tulivyokuwa tunacheka. Nilijiuliza kama niache kazi hii. Nilijiuliza pia kama kweli naumia kwa ajili ya yule mama, au naumia kwa sababu mimi, mwandika ubaoni, nimekosea jina. Jibu nililolipata halikunipendeza.

Leo asubuhi Mzee Filimoni amepiga. Nikaiacha iite. Akapiga tena, nikaiacha. Mara ya tatu nikaona hapana, huku ni kumkimbia mtu mzima, nikapokea.

"Mwakeye, mwanangu," akanisalimia kwa Kiha. Nikamwamkia. Alikuwa amepiga kunishukuru. Akasema wageni wa Bangwe wameusifu ukumbi, yeye mwenyewe kusoma hajui sana, ila wajukuu walimsomea ukutani akafurahi. Alikuwa hajui. Siku mbili zimepita na mke wake hajamwambia, shangazi hajamwambia, hakuna aliyemwambia. Ningeweza kusema karibu tena mzee, nikakata simu, na mambo yakaishia hapo.

Nikamwambia. Nilimweleza yote, hata kwamba nilimsikia vizuri nikaona ni lafudhi. Hata kadi. Sikumwambia kwamba nilimwigiza, hapo ujasiri uliniishia. Nikamwomba ruhusa niende Mwandiga kumwomba mama msamaha kwa miguu yangu.

Nilisikia mvua ya upande wake ikigonga bati.

"Mama yao hana hasira," akasema mwishoni. "Amerara tu. Tangu ire Jumamosi amerara. Utakuja, rakini siyo reo."

Nikasema sawa. Nikasema tena kwamba nimekosa.

"Hujakosa peke yako, mwanangu. Mimi hayo majina kwangu ni moja tu. Mama yao ndiye anaweza kuyatenga. Wakiwa wadogo nikiita Erina, wanakuja wote wawiri, mbio, wanacheka nani kaitwa."

Akaendelea taratibu, kama anayezungumza na mtu mwingine.

"Arivyofariki yure, nikaita siku moja, akaja mmoja. Nikaacha kuita. Huyu nikawa namwita we mwana, mpaka anaorewa. Siku ire nakupigia simu ndiyo siku nimerisema tena."

Tukaagana. Amenitakia siku njema, na mimi nikamtakia.

Mchana huu wote nimekuwa najaribu kukumbuka sauti yake katika simu ile ya kwanza, na sikumbuki, kwa sababu sikuwa nasikiliza. Ninachokikumbuka ni r yake. Baba wa watu alikaa tangu msiba bila kulitia mdomoni jina la mwanawe, na siku aliyojikaza akalitamka, alilitamka kwangu mimi.

Nami nikamsahihisha.