Masweta ya Mchakamchaka

Upendo,

Usicheke kuona mwalimu wa michezo anakuandikia barua wewe, mtoto wa darasa la nne, uliyelala kijijini Akheri, kaburini kwenye migomba ya babu yako. Walimu wenzangu wameshaondoka shuleni, na madaftari ya kusahihisha yamenishinda. Nina jambo na wewe.

Mdogo wako Glory yuko darasa la pili sasa, na anakohoa kikohozi kile kile chako. Ni sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaofanya makohozi yawe mazito na kung'ang'ania kifuani. Wako tuliuita pumu hadi zikabaki wiki chache za uhai wako, na ndiyo maana yeye walimpima mapema.

Muhula ulipoanza, mama yenu alimleta akiwa na dada mmoja wa fiziotherapia, wale wa tiba ya mazoezi hospitalini. Nikajitia wema, nikawaambia wasiwe na shaka, huyu sitamkimbiza. Yule dada akanitazama. "Mwalimu, huyu ndiye wa kukimbizwa."

Alinieleza taratibu. Dawa anatumia, lakini kukimbia na kuruka kunasaidia kulegeza makohozi na kumwongezea pumzi. Akikohoa nimwache akohoe, ateme, apumzike, aendelee. Anywe maji yenye chumvi kidogo, maana jasho lake linatoka na chumvi nyingi. Aliposema chumvi nikawakumbuka mbuzi wa mlinzi, walivyokuwa wanakufuata pale kwenye jiwe na kukulamba mikono. Sisi walimu tulicheka, tukasema Upendo ana nyota ya mifugo.

Kwenye jiwe lile nilikukalisha mimi. Asubuhi za baridi ya Meru, wenzako wakivua masweta waende mchakamchaka, nilikukabidhi wewe uyashike. Siku moja ukanijia. "Shikamoo mwalimu. Naomba na mimi nikimbie, hata hadi getini tu." Nikakujibu, "Kaa, mwanangu, kwa kifua hicho?" Wiki iliyofuata ukaomba tena. Mara ya tatu nilifoka, na hukuomba tena.

Nilidhani nakuhurumia. Kumbe nilijihurumia mwenyewe. Niliogopa usije ukaanguka mbele yangu nikaulizwa.

Nilimuuliza yule dada kama ungepona laiti ningekuacha ukimbie. Akasema mazoezi hayaponyi ugonjwa huu, nisijibebeshe kisicho changu. Nilimshukuru. Lakini ulikitaka kitu kidogo, kilikuwa mkononi mwangu, na nikakunyima. Inaniuma, Upendo. Inaniuma sana.

Glory anakimbia. Anakimbia vibaya, mikono huku na huko, na wimbo anaupokea wenzake wakiwa wameshamaliza. Akifika getini anasimama, anakohoa, anapuliza pumzi kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo, anatema, kisha anaufuata mstari. Wiki ya kwanza mama yenu alisimama nje ya uzio, ncha ya kanga mdomoni. Siku hizi haji, ana kazi zake. Masweta nabeba mimi.

Leo tuliporudi alinijia jasho likimtoka, akaniuliza, "Mwalimu, dada alikuwa anafika wapi?"

Nikamwambia ulikuwa unafika hadi darajani.

Laiti ungemwona alivyofurahi. Akasema basi na yeye kesho atafika darajani, hatakubali kushindwa na dada yake. Mimi nikaingia ofisini, nikafunga mlango.

Kwaheri, mwanangu. Pumzika, na unisamehe ukiweza. Kesho asubuhi, kabla hatujaanza kuimba, nitamwita Glory pembeni nimwambie ukweli: kwamba dada yake hakuwahi kukimbia hata hadi getini, kwamba aliomba mara tatu, na kwamba aliyemkatalia ni mimi. Akinuna, nitamwacha anune. Akitaka bado kufika darajani, nitakwenda naye.

Mwalimu wako wa michezo