Tuta la Mama Halina Mbegu

Songambele,
Kyerwa, Kagera.
19 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Uwiduhaye,

Marahaba, maana najua ukiuona mwandiko wangu utaniamkia kabla hujakaa. Hujambo? Shemeji Elick hajambo? Watoto wanaendeleaje na hiyo baridi ya Makete? Wavalishe soksi hata ndani ya nyumba. Sisi huku tunaamka, tunalima, tunalala. Goti langu bado linanisumbua nikipanda kilima cha kisimani, ila silalamiki, nani wa kunisikiliza.

Jumapili nilikukatia simu ghafla. Salio halikuisha. Nilikata kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira hiyo bado ninayo, ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye simu wewe unawahi kulia, halafu mimi nabaki nakubembeleza badala ya kusema.

Basi nianze mwanzo, kwa kuwa kaka yetu Hagenimana hakukwambia lolote. Mwezi wa tatu, Mama akiwa amelazwa hospitali, Hagenimana alipeleka jembe kwenye kile kishamba cha viazi vitamu vya Mama nyuma ya migomba, akang'oa vyote, akapanda miche ya parachichi. Marando yote ya kupandia akawapa mbuzi. Niliporudi kutoka hospitali mbuzi walikuwa wanamalizia. Nikamuuliza, wewe mtu una akili timamu? Akanijibu, "Dada, viazi vitamu ni chakula cha shida. Na mbegu ya Mama imejaa kijiji kizima, akitaka ataomba." Nusu ya miche hiyo imeshakauka na kiangazi hiki. Nikipita pale nageuza uso.

Lakini kwenye hilo la mbegu hata mimi nilimwamini. Unajua desturi yetu: marando hayauzwi wala hayanyimwi. Hata mliyegombana naye akija na panga, anakata mzigo wake anaondoka. Mama amegawa mbegu yake tangu mimi sijaolewa, kuanzia hapa hadi Kimuli. Nikachukua panga nikaanza kuzunguka. Kila shamba ni viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Mzee Anastazi, ambaye marando yake yote yalitoka kwa Mama, alinitazama akasema, "Mimi niling'oa mwaka juzi. Nilijua ninyi mnayo." Wengine nao wakanijibu hivyo hivyo. Kila mtu aliiacha mbegu kwa jirani, na jirani naye akaiacha kwa mwenzake. Wajinga sisi sote.

Mama aliporudi akaona parachichi, hakugomba. Heri angegomba. Alivua viatu, akaingia kulala, na kwa wiki nyingi akawa anakunywa uji tu. Viazi lishe nilimpikia. Akaonja, akasukuma sahani, akaniambia, "Mwana wanjye, mwanangu, hili ni boga." Unakijua kiazi chake: ganda jekundu, ndani cheupe, kikavu mpaka ukitafutie maziwa. Yeye na marehemu Baba walivuka kutoka Rwanda na marando yake yamefungwa kwenye kitenge, na katika vyote walivyokuja navyo, hicho ndicho kilichokuwa kimebaki.

Ndipo ikaja picha yako. Uliituma kwenye simu ya Mama Najat wa dukani, maana yangu ni kitochi, haipokei picha, naye akafunga duka akaileta mwenyewe mpaka kitandani. Wewe, Elick na watoto mmezunguka sahani, viazi vinafuka moshi, vyekundu vile vile. Nilikuwa nimesahau kwamba uliondoka na marando yake ulipoolewa. Mama aliishika ile simu mpaka kioo kikazima. Akasema, "Kumbe viko kwa Uwiduhaye." Asubuhi yake nilimkuta nje, jembe mkononi, anainua tuta kando ya jiko. Anasimama kupumua, anainama tena.

Ndiyo Jumapili nikakupigia kuomba marando. Ukaniambia kwamba umande ulioganda umeyababua majani yote yakawa meusi, kwamba viazi vingi vimeozea ardhini, na vile vya kwenye sahani ndivyo vilivyosalia, mkaona mvile kabla navyo havijaoza. Tena uliyasema hayo ukicheka, Uwiduhaye.

Najua hukujua ya huku. Lakini hukuolewa huko juzi. Sisi tunaviacha viazi ardhini, tunachokonoa vya kula leo, vingine vinangoja, kwa kuwa ardhi yetu haividhuru. Ukafanya hivyo hivyo Makete, kwenye ardhi inayoganda! Mke wa mchungaji wetu alikulia upande huo, nimemuuliza. Anasema mnavichimba vyote majani yakianza tu kuwa ya manjano, kabla baridi haijakaza. Mnavilaza jikoni chini ya gunia mpaka ganda liwe gumu, kisha mnavifukia kwenye majivu makavu ndani ya nyumba. Vya mbegu mnavitenga, hamvigusi hata njaa ikiuma. Baadaye mnavilaza kwenye karai la mchanga wenye unyevu karibu na moto, vichipue, na marando mnayatoa nje baridi ikiisha, kwenye tuta la juu linalopata jua la asubuhi. Mimi niko Songambele nimeuliza. Wewe unayeishi huko hukuuliza.

Sasa fanya hivi leo, usingoje Jumamosi. Chimba pale ulipopanda, hasa upande unaogusa ukuta wa jiko lako. Tafuta shina lililobaki chini ya udongo, au mzizi hata wa unene wa kidole. Ukikwaruza ukaona weupe na utomvu, huo mzima. Uweke kwenye karai kama nilivyosema. Ukichipua, yafunge marando kwa gunia lililoloweshwa, na Elick ayalete mwenyewe. Usimpe kondakta. Mvua zetu zinaanza mwezi ujao.

Tangu Mama ainue lile tuta, anakula. Kila asubuhi anang'olea magugu tuta tupu. Wapita njia wakimuuliza amepanda nini, anajibu kwamba mbegu iko njiani, inatoka kwa binti yake. Jana aliniuliza kama nimekupata kwenye simu. Nikasema mtandao unasumbua. Roho iliniuma sana.

Kwa hiyo ukichimba ukakosa, usinipigie mimi. Panda basi uje usimame mbele ya lile tuta, umwambie kwa mdomo wako kwamba mlivila. Mimi sina mdomo huo, na Hagenimana siku hizi hathubutu hata kukanyaga upande wa jiko.

Msalimie sana shemeji Elick. Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu. Binti yangu Beata anawasalimu watoto, anasema wamtumie picha yao, ila isiwe ya chakula. Mungu awakinge na baridi hiyo na akuoneshe hata mzizi mmoja.

Mama anakusalimu kuliko sisi sote. Amekaa hapa pembeni yangu ninapoandika, amesema nikuandikie kwamba katika watoto wake ni wewe peke yako uliyemtunzia. Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Nyiransabimana